Kutu ya diski za freni na bei yake



Juma lile safari ya Moba ilipofutwa, mkono mmoja uliandika kwa chaki juu ya ubao wa darasa la tatu: «KUTU IMEKULA MECHI YETU.» Sikufuta. Maneno yale ni ya kweli, lakini si kweli yote.

Tangu siku ile wengi wameniuliza, njiani na hata mbele ya mlango wa nyumba yangu: «Mwalimu, kutu kidogo vile, kweli inaweza kukatalia watu safari?» Wengine walisema kwa sauti ndogo kwamba komite ya wazazi ilitafuta sababu tu ya kutunza feza. Basi kurasa hizi ni jibu langu. Ni somo, kwa hiyo lina hesabu ndani yake. Mwenye haraka ya kujua tu mechi itachezwa lini, asome mwisho.

Mnajua kwamba gari la shule lilisimama chini ya mwembe tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa pili, juu ya kukosa batri. Ile ni miezi ya mvua hapa Kalemie. Siku ya kuliamsha, shofere aliwasha motere, akatia vitesi ya kwanza, gari likakataa. Akakanyaga zaidi, tukasikia paa! kama tawi kubwa linalovunjika, na gari likaruka mbele.

«Haiko kitu, Mwalimu,» akasema. «Iko kutu tu. Tutakamata freni mara tano, mara sita, itatoka yenyewe.»

Shofere wetu ni mtu wa akili, na miaka yake ya kazi inapita miaka yenu ya kuzaliwa. Alisema nusu ya kweli. Somo la leo ni juu ya ile nusu nyingine.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Tazameni kinga: freni yake ni vipande viwili vya mpira vinavyobana ukingo wa gurudumu. Diski ya gari ni jambo lile lile, ila badala ya kubana gurudumu lenyewe, tunabana sahani ya chuma inayozunguka pamoja nalo. Vipande vinavyobana tunaviita plaketi. Mkono wa chuma unaozishika ni etriye, na ndani ya etriye kuna pistoni inayosukumwa na mafuta ya freni wakati shofere anakanyaga pedali. Magari mengi tunayoona hapa yana diski mbele na ngoma nyuma. Diski si kitu cha jana. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye diski lilishinda mashindano ya Le Mans kule Ufaransa, na mwaka 1955 Citroën DS ilitoka kiwandani ikiwa na diski mbele. Nyuma ya hapo viwanda vingine vilifuata mmoja mmoja.

Sahani ile inafanywa kwa fonti, ni kusema chuma kilichoyeyushwa na kumwangwa katika kalibu, chenye kaboni karibu 3 kwa mia ao zaidi kidogo. Fonti inafaa sana: inapokea moto mwingi, inaupitisha upesi, haipigi kelele sana, na bei yake si kali. Ubaya wake ni mmoja. Inashika kutu upesi, na ule uso unaobanwa hauwezi kupakwa rangi, maana rangi ingetoka mara ya kwanza ya kukamata freni.

Najua mtauliza: kwa nini wasitumie chuma kisichoshika kutu, kama kile cha vijiko? Swali ni zuri, na jibu liko barabarani. Tazameni pikipiki zenye diski mbele: baada ya mvua diski ile inabaki inang'aa, maana ni ya chuma cha namna hiyo. Lakini pikipiki ni nyepesi. Chuma kile kinapitisha moto kwa shida, mara mbili ao tatu chini ya fonti, na gari zito lenye watu lingeichosha upesi. Basi tunakubali kutu kusudi tupate freni yenye nguvu.

Sasa kutu yenyewe. Darasa la kemia wanajua: chuma, maji na oksijeni vikikutana, kutu inazaliwa. Kimoja kikikosa, hakuna kutu. Msumari katika jangwa unaweza kukaa miaka. Hapa kwetu umande wa usiku mmoja unatosha. Asubihi nyuma ya mvua mtaona diski ya gari lolote imekuwa na rangi ya machungwa. Ile ni kutu ya juu tu, nyembamba kupita karatasi, na hapo shofere ana haki: plaketi zinaifuta nyuma ya kukamata freni mara chache. Hakuna haja ya kupeleka gari katika garaji kwa ajili yake.

Watu wengi wanafikiri ziwa letu ndilo linalokula magari. Hapana, tusilisingizie sana. Maji ya Tanganyika si maji ya bahari. Chumvi ndiyo inayofanya kutu ikimbie, kwa hiyo gari linalolala karibu na bahari kule Dar es Salaam ao Mombasa linakuwa na taabu kupita la Kalemie. Hata mbali na bahari, katika inchi za Ulaya zenye teluji wanamwanga chumvi barabarani wakati wa baridi, ili barafu iyeyuke. Mkinunua vipande vilivyotumika vilivyotoka kule, kumbukeni chumvi ile. Ziwa letu lina dhambi nyingine. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, lilipopanda na kuingia katika njia za chini, magari yalipita ndani ya maji yenye mchanga. Mchanga mwingi ni kwarsi, na kwarsi ni ngumu kupita fonti. Chembe moja ikiingia kati ya plaketi na diski, inachora mfereji duara zima kama kalamu ya kompasi.

Kutu inayoumiza ni ile ya gari lililosimama. Pale plaketi inapogusa diski, maji yanakaa kama katika sponji, hayakauki. Kutu inaota chini yake siku kwa siku. Na kutu inachukua nafasi kubwa kupita chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba na kukaza. Ule mlio wa paa! ulikuwa kipande cha plaketi kinachopasuka na kubaki kimeshikwa na diski.

Niliomba tuondoe gurudumu la mbele la kuume. Upande wa nje diski iling'aa kama sufuria mpya, na wanafunzi watatu waliokuwa pale walicheka wakasema shofere ameshinda. Nikawaambia wapige magoti watazame upande wa ndani kwa kioo. Kule sehemu moja tu ya tatu ilikuwa safi. Sehemu nyingine ilikuwa nyeusi na nyekundu, yenye mashimo na magamba, na kipande cha plaketi kilikuwa bado kimenata juu yake. Plaketi ya ndani ilikazwa na kutu katika njia zake, hata pistoni ilipoisukuma ilitembea kwa shida. Upande wa nje tu ndio ulifanya kazi, na ndio ulikuwa uzuri uliotudanganya. Mtu anayepita karibu na gari anaona uso wa nje tu.

Tukapima. Kila diski ina maandishi madogo yaliyochongwa ukingoni ao katikati: MIN TH na hesabu. Maana yake ni unene wa mwisho. Chini yake diski haifai tena. Yetu iliandikwa 20, na ikiwa mpya ina milimetre 22. Ni kusema tangu upya mpaka kufa kwake diski ile ina milimetre 2 tu za kuliwa, moja upande huu na moja upande ule.

Mwanafunzi wa kwanza akashika piakulisi, kile kipimo cha midomo miwili, akabana diski, akasoma 21,8. Wote wakafurahi. Lakini alikosa, na kosa lake ni la mafundi wengi pia. Plaketi hazifiki ukingoni kabisa. Pale pembeni panabaki mdomo usioliwa, tena umevimba kwa kutu, na piakulisi inapumzika juu ya mdomo ule. Unapima ukuta, hupimi mfereji. Dawa ni rahisi. Twaa sarafu mbili zinazofanana. Sisi tulitumia za Tanzania, zile wasafiri wa Kigoma wanarudi nazo. Pima zote mbili pamoja: zetu zilikuwa milimetre 3,8. Weka moja kila upande, ndani ya mdomo, pale plaketi zinapobana. Pima tena: 23,2. Ondoa 3,8. Inabaki 19,4.

Pale hakuna mtu aliyecheka. Upande wa kushoto tulipata 20,6.

Mmoja akasema: «Lakini Mwalimu, kutoka 22 mpaka 19,4 ni kidogo, haifiki hata sehemu moja ya nane.» Hapana. Diski hii ina nafasi za hewa katikati, ni sahani mbili zilizoungwa kwa mbavu. Katika ile milimetre 22, milimetre 10 ni hewa. Chuma chenyewe ni 12. Ukiondoa 2,6 katika 12, umeondoa karibu 22 kwa mia ya chuma. Na zile nafasi za hewa zilikuwa zimejaa magamba ya kutu nusu, kwa hiyo upepo wa kuipoza ulipita kwa taabu.

Kwa nini unene ni jambo kubwa? Kwa sababu kazi ya diski ni kumeza moto. Gari linalokimbia lina nguvu ndani yake, na nguvu haipotei. Ukilisimamisha, inageuka moto katika freni. Tuseme gari na watu wake ni kilo 2400, mwendo ni kilometre 60 kwa saa, ni kusema metre 16,67 kwa sekunde. Nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo: tunapata karibu joule 333000. Hiyo ni kusimama mara moja katika barabara ya sawa, na diski nzima inaimeza bila shida. Moto wake unapanda digri kama 36 hivi.

Sasa twende Moba. Anayejua Kirungu anajua kwamba kutoka pale juu mpaka bandari ya Moba njia inashuka, tena inashuka. Tuchukue mteremko wa mfano unaoshusha gari metre 300. Uzito mara 9,81 mara 300: zaidi ya joule milioni 7. Gawanyeni kwa ile ya kwanza. Ni sawasawa na kusimamisha gari kutoka kilometre 60 mara 21, moja nyuma ya nyingine, bila kupumzika. Shofere mzuri anashuka kwa vitesi ya chini, motere inachukua sehemu kubwa ya mzigo huo, lakini kinachobaki kinaangukia diski. Nyembamba inapata moto upesi kupita nene. Ikipita kiasi, inapinda, inapasuka kuanzia kwenye mashimo ya kutu, ao inapeleka moto mpaka katika mafuta ya freni.

Juu ya mafuta yale niseme neno, maana wengi hawajui. Mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewani polepole, hata chupa ikifungwa vibaya. Yale ya namna ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwa digri 205 ao zaidi. Yakiisha kunywa maji, kipimo kinaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama mpira. Shofere anakanyaga pedali, inaenda mpaka chini, gari haliko na freni. Haya yanampata katikati ya mteremko, si chini ya mwembe.

Na kumbukeni kwamba kuume plaketi moja tu ilifanya kazi. Kila kukamata freni, gari lingevutwa upande wa kushoto. Wachezaji 11, wa akiba 4, mimi mmoja. Hii ndiyo hesabu niliyopeleka mbele ya komite jioni ile, na ilifanyika bila bei yoyote.

Bei ilikuja nyuma. Vipande vingi vya magari vinatufikia kwa Dar es Salaam, vinapanda mpaka Kigoma, vinavuka ziwa. Vingine vinatoka Lubumbashi. Kila mahali pana mkono unaoongeza kitu, na bei inageuka kila mashua inapofika. Kwa hiyo hesabu ninazoandika hapa ni za daftari tu, msiende nazo sokoni kugombana na mwenye duka. Tuseme plaketi za mbele ni dola 30, diski mpya mbili dola 90, diski mbili zilizotumika dola 40, na kazi ya fundi dola 10 kwa plaketi peke yake, dola 20 ikiwa na diski.

Mwaka uliopita, kama tungegeuza plaketi, kusafisha njia zake na kupaka grisi inayovumilia moto, tungelipa dola 40. Hatukufanya. Sisemi ni kosa la nani; feza za mwaka ule zilienda kwenye mabati, na mabati mnayaona juu ya vichwa vyenu. Sasa ni 30 na 90 na 20, ni kusema dola 140. Kama tungeendelea mpaka plaketi ziishe na chuma kikwaruze chuma, pistoni ingetoka nje kupita kiasi, ingeshika kutu, na etriye ingeongezeka juu ya hesabu.

Mjumbe mmoja alisema: «Tununue zile za dola 40, tubakishe feza ya safari.» Ni wazo la mtu maskini, nami ni maskini, kwa hiyo sikulidharau. Tulienda kuziona. Zilisafishwa vizuri kwa brosi ya chuma, zikapakwa mafuta. Tukatoa sarafu zetu: 20,6. Basi ndani yake kuna milimetre 0,6 tu za kula. Gawanya dola 40 kwa 0,6, milimetre moja inakuja dola 67. Diski mpya ina milimetre 2 kwa dola 90, milimetre moja ni dola 45. Zile za rahisi ndizo za bei kali. Kama zingekuwa na 21,5, jibu lingegeuka: milimetre moja ingekuwa chini ya dola 27, na mimi mwenyewe ningesema nunueni, ikiwa hazina nyufa. Msitoke hapa mkisema mwalimu anakataza vya kutumika. Ninakataza kununua bila kupima.

Mwingine akauliza juu ya kuchonga diski kwa mashini ya turu, kuondoa mashimo. Inawezekana kwa diski nene. Ile ya kuume ilikuwa imepita tayari. Ya kushoto ikiondolewa milimetre 0,4 kila upande ingekuwa 19,8. Na kwa nini hatukubakisha ya kushoto, maana ilikuwa bado na uzima? Kwa sababu diski zinageuzwa mbili mbili. Nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, freni hazivuti sawa, na tungerudi kwenye lile gari linalokwenda kushoto. Ile ya kushoto iko juu ya msumari katika chumba cha fizika. Ishikeni, ipimeni, ni ya darasa sasa.

Mambo machache ya siku ya kazi, kwa wale watakaoenda ufundi. Mbele ya kutia diski mpya, fundi alikwaruza kutu yote juu ya kiti chake, kwenye kitovu cha gurudumu, mpaka chuma kikaonekana. Punje moja ya kutu ikibaki pale chini, diski inakaa mshazari, na pedali inatetemeka chini ya mguu. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuizuia kutu. Lazima kuyaosha yote. Plaketi zilizotumika haziwekwi juu ya diski mpya. Siku za kwanza shofere alikamata freni polepole, mara nyingi, bila kukanyaga kwa ukali, kusudi plaketi na diski zizoeane. Na vumbi la freni lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pompi. Plaketi za zamani zilikuwa na amianti, ambayo inaingia katika mapafu na kuleta kansa miaka mingi nyuma ya hapo. Hujui kipande cha zamani kina nini, basi kioshe kwa maji.

Gari likisimama tena muda mrefu, tumepatana na shofere kwamba kila jumamosi litatembea mpaka geti na kurudi mara kadhaa, likikamata freni. Petroli ya kazi ile ni kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta shauri, akasema: «Mwalimu, ile ya ndani sikuiona.» Nami nilimwambia kwamba hata mimi, bila kioo, nisingeiona.

Safari ya Moba imewekwa jumamosi ya pili ya mwezi wa tano.

Swali kwa darasa la nne, majibu mezani kwangu siku ya alhamisi. Tangu kutia diski mpya gari limetembea kilometre 1100, na diski ya kuume imepungua kutoka 22 mpaka 21,95. Kama itaendelea vilevile, itafika 20 nyuma ya kilometre ngapi tangu upya wake? Na mseme pia kwa nini mimi sitaliamini jibu lenu mpaka mvua zipite.